Kuni Zisizoandikwa Kwenye Mkataba

Hotuba kwa wakulima wa tumbaku na warina asali, Sikonge, mkoani Tabora

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, wazee wetu, mama zetu, warina asali mlioacha kutundika mizinga ili mfike hapa, na ninyi vijana mliosimama chini ya mwembe kwa kukosa viti: mwangaluka!

Nashukuru kuitwa mapema. Sisi watu wa misitu tumezoea kuitwa mambo yakishaharibika, tuje kuhesabu visiki na kuandika ripoti. Safari hii mmeniita mwezi Agosti, vitalu ndiyo kwanza vinaandaliwa na mikataba ya msimu haijatiwa saini. Kwa hiyo visiki nitavifikia baadaye. Nianze na mkataba.

Mkataba wa tumbaku mnaujua kuliko mimi. Mbolea imeandikwa, mifuko mingapi ya kupandia na mingapi ya kukuzia. Mbegu imeandikwa. Dawa, kamba, magunia, vyote vina bei yake, na vyote vitakatwa siku ya malipo. Hata mita ya kamba ina mahali pake kwenye karatasi ile. Lakini kuna kitu kimoja ambacho bila hicho jani halikauki, halipati rangi, klasifaya, yule anayepanga madaraja, hawezi kulipatia daraja lolote, na kwa uzito kinazidi vyote vilivyoorodheshwa ukivijumlisha. Ni kuni. Katika mikataba niliyoiona, kuni zikitajwa hutajwa kama agizo: mkulima apande miti, mkulima asikate hovyo. Sijaona mahali zimewekewa bei.

Kitu kikishakosa bei kwenye karatasi, watu huanza kuamini kwamba kimetolewa bure. Mnunuzi anaamini hivyo. Benki inaamini hivyo. Hata sisi tunaamini, kwa sababu hakuna aliyetudai. Nimekuja kuwaambia kwamba kuni za tumbaku zinalipiwa kila msimu, tena kwa gharama kubwa, ila wanaolipa hawakai mezani siku ya kusaini.

Naomba tufanye hesabu pamoja. Wenye kalamu andikeni.

Chukua ekari moja ya tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto, iliyotunzwa vizuri. Tuseme inatoa kilo 500 za jani kavu. Wapo wanaopata zaidi, wapo ambao mvua ikiwasaliti wanapata pungufu, tuchukue hapo katikati. Bani la zamani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, lile la tope lenye tanuru lililo wazi na kuta zilizopasuka, hula kilo 10 za kuni kukausha kilo moja ya tumbaku, na mara nyingi huzidi. Kilo 500 mara 10 ni kilo 5,000. Tani tano za kuni kwa ekari moja. Ukizipima kwa mita za ujazo unapata kama sita au saba.

Sasa ingia msituni. Ekari moja ya miombo ya huku kwetu, ukihesabu kila mti uliosimama, mnene na mwembamba, ina wastani wa mita za ujazo 20 hivi. Maana yake ekari tatu za tumbaku zinamaliza ekari moja ya msitu kwa msimu mmoja. Mtu atasema, lakini miti si inakua? Inakua. Miombo ni miti ya subira. Hekta nzima inaongezeka mita za ujazo mbili au tatu kwa mwaka, yaani kama mita moja kwa ekari. Kwa hiyo anayetaka kulima ekari moja ya tumbaku na kuukuta msitu vilevile mwaka ujao anahitaji ekari sita au saba za miombo zinazokua kwa ajili yake peke yake. Zisiguswe na mchoma mkaa, wala mpasua mbao, wala moto wa kiangazi. Nani kati yetu hapa anazo ekari hizo kwa kila ekari anayolima?

Haya ni makadirio, na mwenye bani zuri atasema yeye anatumia nusu ya hapo. Ni kweli, na nitalirudia jambo hilo kwa sababu ndilo lenye matumaini makubwa kuliko yote. Lakini sijaingiza nguzo na fito za kujengea mabani yenyewe, ambazo mchwa wanazila na inabidi zikatwe upya. Wala sijaingiza lile shamba jipya. Mnajua ninachosema. Tumbaku ikirudiwa palepale, minyoo fundo inajaa kwenye udongo, mizizi inavimba, jani linadumaa, na mkulima anahamia mbele, kwenye msitu ambao haujalimwa. Pale miti hukatwa na kuchomwa palepale shambani, mingine bila hata kufika kwenye bani. Huo ndio upotevu unaoniuma kuliko mwingine wote.

Basi nani analipa?

Wa kwanza ni mama. Nimezaliwa katika nyumba ya tumbaku. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye bani, kwa hiyo nikisimama hapa sisemi kama mgeni aliyekuja na gari kuwafundisha watu maisha yao. Bani likishawashwa halizimwi. Siku tano, sita, hata saba, usiku na mchana, moto unaanza taratibu ili jani liwe njano, kisha unaongezwa mpaka vikonyo vikauke, na joto likishuka saa nane za usiku kwa sababu mtu amesinzia, jani linabadilika rangi na fedha ya mwaka mzima inashuka daraja. Baba yangu ndiye aliyesaini. Mama na sisi watoto ndio tuliolala mlangoni mwa tanuru. Na kabla ya tanuru kuna kuni zenyewe. Zamani zilikuwa nyuma ya nyumba. Waulizeni akina mama waliopo hapa leo zinafuatwa wapi. Kuni za bani zikishamaliza msitu wa karibu, za kupikia nazo zimekwenda, na hizo hakuna anayezileta kwa mkokoteni. Zinabebwa kichwani.

Nyumba yenye tumbaku nyingi inaweza pia kuwa nyumba yenye chakula kidogo, kwa sababu mwezi wa kupalilia mahindi ndio mwezi wa kukata vichwa na kutoa machipukizi ya tumbaku, na mtu ana mikono miwili tu. Hilo mnalijua, sitalirefusha.

Wa pili ni mrina asali, na hapa naomba nikae kidogo.

Tabora inajulikana kwa asali. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa chupa hii imetoka Tabora, hulipa bila kubishana. Wachache hujiuliza asali hiyo imetoka kwenye nini. Imetoka kwenye miti ileile inayoingia kwenye bani. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na kiangazi ni kirefu. Lakini miombo haisubiri mvua. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kabisa na majivu ya moto bado yapo chini, mitundu na miyombo inatoa majani mapya mekundu kama shaba, kisha inachanua. Mizizi imekwenda chini kutafuta maji ambayo mimea mingi haiyafikii. Nyuki wanaishi kwa ratiba hiyo. Ndiyo sababu tuna mavuno baada ya mvua, kati ya Mei na Juni, na mengine kabla ya mvua kukolea, Oktoba na Novemba.

Nyuki haendi mbali sana na mzinga wake. Kilomita tatu hivi ni safari ya kawaida, zaidi ya hapo safari inamgharimu nguvu nyingi. Kwa hiyo msitu ukikatwa kuzunguka kambi ya warina asali, mizinga inabaki juu ya miti michache iliyoachwa, kundi linaingia, linatazama, linahama. Mrina asali naye anahamisha kambi, anaingia ndani zaidi, mpaka anakutana na mpaka wa hifadhi. Pori la Akiba la Ugalla lilipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, wanyama walipata ulinzi mkubwa zaidi, na mimi kama mtu wa maliasili siwezi kulilaumu hilo. Lakini hifadhi ya taifa haina nafasi ya mizinga kama ilivyokuwa kwenye pori la akiba, ambako mrina asali aliingia kwa kibali. Hivyo nyuma yake kuna shamba linalosogea, mbele yake kuna mpaka asioruhusiwa kuuvuka. Mtu aliyekuwa akiuishi msitu bila kuumaliza ndiye aliyebanwa kuliko wote, na sidhani kama tumemtendea haki.

Wapo pia nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao asali yao mama zetu huitunza kwa ajili ya kifua na vidonda. Hao hawakai kwenye mzinga wa kununua kwa urahisi. Wanataka pango ndani ya mti, na mti wenye pango ni mti mzee. Bani halichagui. Mti mzee ukiangushwa na kupasuliwa, kundi zima linakwenda nao.

Nami niseme upande wa pili, kwa kuwa warina asali mko hapa na tunaheshimiana. Mzinga wa gome unaua mti. Ukilivua gome kwa kuuzunguka mti wote, umekata njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi, na mti ule utakauka ukiwa umesimama. Mti mmoja kwa mzinga unaodumu miaka michache, ukizidisha kwa mizinga mia ya kambi moja, si jambo dogo. Chuo cha ufugaji nyuki kiko hapahapa Tabora. Mizinga ya mbao inafundishwa pale. Tusiwaombe wakulima wa tumbaku wabadilike ilhali sisi tunaendelea kuvua magome.

Wa tatu anayelipa ni yule aliye mbali, asiyejua hata kwamba tumbaku imelimwa. Mto Ugalla unaingia Malagarasi, na Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Kati yao kuna ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 iliandikishwa kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Maji yanayoanguka kwenye mlima uliokatwa miti huku kwetu hayazami. Yanakimbia, yanabeba udongo wa juu, yanajaa mtoni kwa siku mbili na mto unabaki mchanga. Mvuvi wa kule chini anapata matope yetu, na mwenye kisima huku juu anachimba kwenda chini zaidi kila kiangazi.

Na uyoga. Nimeona kina mama wanatabasamu, wanajua. Uyoga mwingi wa mwanzo wa masika unaishi kwa kushikana na mizizi ya miombo. Unaipa miti maji na chumvichumvi za udongo, miti inaupa chakula. Ukikata mitundu yote ukapanda mikaratusi, hekta moja ni hekta moja kwenye takwimu, na kuni utapata, lakini uyoga ule hautarudi, wala matunda ya furu na mbula, wala dawa alizokuwa akichimba bibi. Watu wanaohesabu misitu kwa hekta peke yake hawajawahi kula masika.

Sasa kuna hoja husemwa kila ninapozungumza haya, na mzee mmoja ameshaninong'oneza kabla sijapanda hapa. Kwamba msitu huu ni mkubwa, ulikuwepo na utakuwepo, wazee walikata na haukuisha. Mzee wangu, kwa heshima zote, msitu huu una historia, na historia hiyo inatuonya.

Sehemu kubwa ya miombo tunayoiona Urambo, Kaliua na huku kwetu ilikuwa na vijiji. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa kuhofia ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o, iliwaondoa watu waliotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi yaliyopangwa. Mashamba yaliachwa na miti ikarudi. Kwa hiyo kuna mahali tunapopaita pori la tangu enzi ambapo kumbe babu zetu walizikwa. Miti ilirudi kwa sababu visiki na mizizi vilikuwa hai ardhini na watu waliondoka kwa miaka mingi. Leo hatuondoki. Tunaongezeka.

Kisha wakaja watu wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, wakiwa na mipango ya kulima mamilioni ya ekari. Matrekta yaling'oa miti pamoja na mizizi yake, bila kujua mvua ya hapa inanyesha vipi wala udongo wake unagandaje jua likiwaka. Mwaka 1951 waliachana nao, baada ya pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza kupotea. Kwenye mashamba yaliyobaki Urambo ndipo tumbaku ilipoanza kushika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nawakumbusha jambo hili kwa sababu moja. Tumbaku haikuletwa hapa kwa kuwa mtu alikaa na wazee akauliza nchi hii inafaa kwa nini. Ililetwa kuokoa hasara ya mradi mwingine, na kuni zilikuwa zimesimama pale, bila bei. Tangu siku ile hakuna aliyerudi kuweka bei hiyo.

Najua mtu atauliza, mbona unaisema tumbaku tu? Mkaa je? Mifugo je? Mbao za mninga zinazopita usiku je? Zote zinaumiza, na moto wa mwisho wa kiangazi unaumiza kuliko yote kwa kuwa unaua machipukizi. Lakini sipendi ule usemi kwamba Wasukuma na ng'ombe wao ndio walioimaliza Tabora. Ni ndugu zetu, wengine wamehama kwa sababu kwao malisho yameisha, na wengi wao leo wanalima tumbaku bega kwa bega nasi. Ng'ombe akikanyaga chipukizi, chipukizi lile lilitoka kwenye kisiki, na kisiki kile alikikata nani?

Tumbaku naisema kwa kuwa ndiyo yenye mkataba. Mchoma mkaa wa usiku hana karatasi ya kurekebisha. Mnunuzi wa tumbaku anayo, ina mihuri, na ameketi mstari wa mbele hapa.

Nirudi kwenye bani, kwa sababu niliahidi. Bani lililoboreshwa, lenye tanuru lililofungwa, njia nzuri ya hewa, bomba la moshi linalozunguka ndani kabla ya kutoka, na kuta zisizovuja, linaweza kupunguza kuni hadi nusu au chini ya nusu. Halihitaji magogo. Linakula matawi membamba yaliyokauka. Hilo ndilo jambo kubwa, kwa sababu tawi unaweza kulikata mti ukaendelea kuishi. Wengi wenu mnalo tayari. Wengi hamna, na sababu si ujinga kama wanavyosema maofisa wengine. Sababu ni fedha. Matofali, bomba na fundi vinatoka mfukoni mwa mkulima, au vinaingizwa kwenye mkopo uleule ambao mwenzako akishindwa kulipa, chama kizima kinakatwa. Kuni hazina bei, kwa hiyo bani linalookoa kuni halimrudishii mkulima chochote kwenye vitabu. Tani mbili na nusu alizookoa haziandikwi popote. Mkiipa kuni bei, bani zuri litajilipa lenyewe.

Kuna na jambo dogo ambalo halihitaji mkopo: kuni kavu. Kuni zilizokatwa wiki hii na kuwashwa wiki ijayo zinatumia moto wao kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Zikatwe mapema, zipasuliwe, zipangwe juu ya magogo mawili chini ya paa la nyasi. Mwenye kuanza Agosti hii atakuwa na kuni kavu Februari.

Kuhusu kupanda miti, nitasema kwa ufupi na kwa ukali kidogo. Kila mwaka tunasikia miche mingapi imegawiwa. Mche uliogawiwa bado haujawa mti. Mwingi unafika mvua imebaki wiki tatu, unapandwa kwa kutimiza masharti, Juni umekauka. Nataka ihesabiwe miti iliyo hai ikiwa na miaka mitatu, na anayehesabu awe kamati ya kijiji, siyo aliyegawa miche. Mikaratusi na mijohoro inafaa kwa kuni, inakua haraka na ikikatwa inachipua, siikatai. Ila msiipande kandokando ya mbuga za mpunga wala karibu na visima, kwa maana mikaratusi inakunywa.

Na msisahau kwamba miti iliyo rahisi kuliko yote kuipata haihitaji kitalu. Iko chini ya miguu yenu. Kisiki cha mtundu kilicho hai kina mizizi ya miaka 30 au 40. Kikichipua, chagua vichipukizi viwili au vitatu vilivyonyooka, kata vingine, zuia moto wa mwisho wa kiangazi kwa kuchoma mapema mwezi Mei au Juni nyasi zikiwa na umajimaji, na kwa miaka michache ya kwanza ng'ombe wasipite. Hamhitaji mtaalamu wa kutoka nje kuwaonyesha. Jirani zetu wa Shinyanga walifanya hivyo. Mkoa ule ulikuwa ukielekea kuwa jangwa, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichofanya kazi zaidi kule kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga malisho wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Miti iliyokuwa imelala ardhini ikaamka, kwenye zaidi ya hekta 300,000. Nzega na Igunga ngitili mnazijua. Huku kusini sijaona sababu ya kushindwa, maana mvua yetu ni nzuri kuliko yao.

Sheria ipo upande wenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo, na kubaki na mapato yake. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Kijiji chenye msitu wake kisheria kinaweza kumwambia mkulima wake: kuni utazipata hapa, matawi na miti iliyopungua, kwa bei hii, kwa kiasi hiki. Na kinaweza kumwambia mrina asali: kambi yako iko hapa, hakuna atakayeisogelea na shoka.

Kwa hiyo mwenyekiti, nina maombi yangu, na naomba yaingie kwenye kumbukumbu.

La kwanza na kubwa: mkataba wa msimu huu uwe na mstari wa kuni. Uandike kilo ngapi za kuni kwa kilo ya tumbaku, zinatoka msitu gani, na bei yake ni kiasi gani, na bei hiyo ilipwe na mnunuzi juu ya bei ya jani. Isikatwe kutoka kwenye bei ya jani. Mkulima akitumia pungufu kwa sababu ana bani zuri, tofauti ibaki mfukoni mwake. Mkulima mmoja mmoja hawezi kulidai hili. Ataambiwa atafutwe mwingine. Vyama vyote vilivyopo hapa vikikataa kusaini karatasi isiyo na mstari huo, ataambiwa nani?

Mtu anaweza kusema wanunuzi wataondoka, watakwenda kununua kwingine. Nimelifikiria sana, kwa sababu najua ada za watoto zinatoka wapi. Jibu langu ni kwamba wanakonunua kwingine nako kuna miombo, na nako inaisha. Wanunuzi wa nje siku hizi wanaulizwa na wateja wao kuni zimetoka wapi. Mkulima atakayeweza kuonyesha kwa maandishi kwamba kuni zake zimetoka msitu unaotunzwa ndiye watakayemtafuta. Na siku wateja wa tumbaku wakipungua duniani, maana Tanzania yenyewe iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, basi bora siku hiyo itukute na msitu uliosimama na asali ndani yake kuliko itukute na mabani matupu.

La pili: pasifyekwe shamba jipya la tumbaku ndani ya miombo bila mkutano mkuu wa kijiji kukaa. Aliye na minyoo fundo asaidiwe kubadilisha mazao kwenye shamba lake la zamani, apande mazao yasiyolisha minyoo ile, na pembejeo za mazao hayo ziingie kwenye mkopo kama zinavyoingia za tumbaku.

La tatu: kila kamati ya maliasili ya kijiji iwe na mrina asali ndani yake, na iwe na mama anayebeba kuni. Hao wawili ndio wanaojua msitu umesogea umbali gani.

Mwenyekiti, hoja hiyo ya kwanza naomba ipigiwe kura leo hii kabla ya chakula, wanunuzi wakiwa bado wameketi hapa, na wapewe hadi wiki mbili kutujibu kwa maandishi kabla mtu yeyote hajatia saini. Asanteni kwa kunisikiliza. Aliye na swali kuhusu hesabu ya kuni, karatasi ninayo, na nitabaki hapa mpaka jioni.